Mwanangu amechoka na karate: nimlazimishe au nimwache?

Swali: "Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 9 na amefanya karate kwa miaka 2. Mwanzoni ilikuwa shughuli kumvua sare ya mazoezi ili aoge. Tangu apate mkanda wa kijani, miezi 7 iliyopita, kila siku ya mazoezi tumbo linamuuma, au mkanda umepotea, au ana kazi nyingi za shule. Baba yake anasema tumlazimishe, asije akazoea kuacha kila anachokianza. Mimi nimemwahidi baiskeli siku atakapofika mkanda mweusi, lakini ahadi hiyo ilimchangamsha kwa wiki moja tu. Tufanye nini ili asiache?"

Jibu: Mama, nakushukuru kwa kuandika kwa undani, maana yale uliyoyataja kwa kupita, yaani tumbo, mkanda unaopotea na ile miezi 7, yananisaidia kukujibu kuliko swali lenyewe. Umeuliza namna ya kumpa mtoto hamu. Nimefundisha watoto karate kwa muda mrefu, na sikumbuki mtoto wa miaka 7 aliyeingia dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, bila hamu; wengi huingia nayo mlangoni, wakiwa wamevaa sare zinazowazidi mikono, wakirusha mateke hewani kabla hata hawajavua viatu. Kwa hiyo msihangaike kutafuta hamu mpya ya kumtilia. Tafuteni kilichoiondoa ile aliyokuja nayo, na hicho hamtakiona mpaka mjue mtoto anakataa kitu gani hasa anaposema hataki karate.

Kauli hiyo huficha mengi. Yuko mtoto anayeipenda karate yote isipokuwa zile dakika 10 za kumite, yaani kupambana na mwenzake, mwishoni mwa kipindi, kwa sababu siku moja alipigwa ngumi ya pua, akalia mbele ya wenzake, na hakuna mtu mzima aliyezungumza naye baadaye. Yuko aliyepandishwa darasa la wakubwa baada ya kupata mkanda, akamwacha nyuma rafiki wa pekee aliyekuwa naye. Yuko ambaye shida yake ni njaa tu: ametoka shule, hajatia kitu tumboni, na anadaiwa nguvu ambazo hana. Yuko pia anayemwogopa mtu fulani, awe mwanafunzi mkubwa au mwalimu mwenyewe, na hili nalitaja mapema ili lisipotelee katikati ya mambo mengine. Nendeni mkakae pembeni mtazame kipindi kizima, tena zaidi ya mara moja. Dojo inayowakataza wazazi kutazama, si kwa siku moja ya mtihani bali siku zote, ni dojo ambayo mimi binafsi nisingemwachia mtoto.

Kuhusu tumbo, tafadhali msimwite mwongo. Wasiwasi wa mtoto huuma tumboni kwelikweli, na mtoto wa miaka 9 mara nyingi hana maneno ya kueleza hofu lakini ana mahali pa kuishika. Angalieni linaanza saa ngapi na linaisha lini. Likimshika saa moja kabla ya mazoezi na kutoweka mara tu mnapomwambia abaki nyumbani, basi mazoezini kuna jambo mahususi analoliogopa. Likimuuma na siku nyingine, likimwamsha usiku, au likiambatana na homa au kupungua uzito, hilo ni la daktari na karate isubiri.

Namna ya kumuuliza nayo ni kazi. Mtoto akiulizwa "Kwa nini hutaki kwenda?" husikia mashtaka, na mshtakiwa hujitetea, ndipo mkanda unapopotea na kazi za shule zinapoongezeka. Muulize mkiwa mnafanya jambo jingine bega kwa bega, mathalani mnakunja sare iliyokauka, na umuulize vitu vidogo vyenye jibu: sehemu ipi ya kipindi unatamani ipite haraka? Wakisema tafuteni wa kufanya naye, wewe hupata nani? Swali hilo la pili limenisaidia sana. Nilikuwa na msichana wa miaka 10 ambaye mama yake aliamini amechoshwa na mchezo. Alipoulizwa hivyo akasema, bila hata kuinua macho, kwamba yeye hubaki peke yake kila mara, kwa sababu idadi ya darasa haigawanyiki kwa mbili, na mwalimu humweka na kijana anayemzidi uzito karibu mara mbili. Mwalimu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimemtazama miezi mizima bila kumwona. Tulibadilisha mpangilio wa jozi, na wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Sasa nije kwenye ile miezi 7, ambayo nadhani ndiyo kiini cha habari ya mwanao. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882, ndiye aliyeutumia mkanda mweusi kuwatambulisha wanafunzi waliopiga hatua, na Funakoshi Gichin aliuchukua utaratibu huo na kuuingiza katika karate, akatoa ngazi za kwanza za dani, yaani madaraja ya mkanda mweusi, mwaka 1924. Mikanda ya rangi nyingi ilikuja kuenea baadaye huko Ulaya, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Safari kutoka mweupe hadi mweusi ilikuwa ndefu mno kwa anayeanza, na rangi za katikati zilimpa vituo vya karibu vya kufikia. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha kwamba tatizo la mwanao ni la zamani, na walimu wa wakati huo walilikuta hata kwa watu wazima.

Tatizo ni kwamba vituo hivyo havilingani. Katika dojo nyingi mikanda ya mwanzo hupatikana kila baada ya miezi 3 au 4, kisha muda hurefuka kadiri mtu anavyopanda, kwa sababu mambo ya kujifunza huwa mengi na magumu zaidi. Mtoto aliyezoea kupata rangi mpya kila msimu hujikuta ghafla yuko mahali ambapo hakuna kinachobadilika. Anarudia kata ileile, yaani mfululizo uleule wa hatua na mapigo yaliyopangwa, anasahihishwa mguu uleule, na waliokuwa nyuma yake wanamfikia rangi. Kwake miezi 7 ni muda mrefu sana, na hakuna anayemwambia kwamba mateke yake yamebadilika kwa sababu hakuna aliyeyapima. Akili yake inafanya hesabu ya haki kabisa: najitahidi, sioni kitu, basi sina haja ya kuendelea. Uvivu haumo katika hesabu hiyo.

Hapo ndipo baiskeli inaposhindwa. Mkanda mweusi uko mbali naye kwa miaka kadhaa. Katika taekwondo aliye chini ya miaka 15 hupewa ngazi ya watoto iitwayo poom badala ya dani, na katika jiu-jitsu ya Kibrazili mikanda ya watu wazima, kuanzia bluu, huanza mtu anapofika miaka 16. Karate haina sheria moja kwa dojo zote, lakini mtoto wenu asitarajie siku hiyo hivi karibuni, na mpaka ifike atakuwa ameshaacha kuomba baiskeli anaomba pikipiki. Umbali huo ungeweza kurekebishwa kwa kuahidi kitu cha karibu zaidi, lakini ahadi yenyewe ina kasoro nyingine. Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya na watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe kama wangechora. Kundi la pili lilipewa cheti kama hicho bila kutarajia, baada ya kuchora. Kundi la tatu halikupewa chochote. Siku kadhaa baadaye kalamu zilipowekwa mezani kwa anayetaka, walioahidiwa walizigusa kwa muda mfupi kuliko wenzao wa makundi mengine. Kile walichokipenda kilikuwa kimegeuka kazi ya kulipwa, na malipo yalipokwisha kazi nayo ikaisha. Zingatia kwamba zawadi ya ghafla haikuleta madhara hayo.

Ahadi ni deni, kwa hiyo msiivunje. Itoeni kwenye mkanda. Mwambieni mmefikiri upya, kwamba baiskeli ataipata kwa siku yake ya kuzaliwa au mkiwa na uwezo, na haihusiani na karate. Mtashangaa jinsi uso unavyolegea mtoto anapoondolewa mzigo wa kupewa kitu ambacho hakuamini angekifikia.

Badala yake, mfanyeni aone anavyokua. Hili ni rahisi kuliko linavyosikika, na halihitaji ruhusa ya dojo. Bandika kipande cha utepe ukutani mahali ambapo unyayo wake unafika anapoinua teke la pembeni polepole na kulishikilia, uandike tarehe. Baada ya wiki 6 bandika kingine. Hesabuni sekunde anazoweza kusimama kwa mguu mmoja akiwa amekunja goti la mwingine kifuani, kwanza macho wazi, kisha amefumba. Mrekodi kata moja kwa simu, mara moja kwa mwezi, kutoka pembe ileile, na baada ya miezi mitatu mwonyeshe ya kwanza na ya mwisho bila kusema neno. Nimewaona watoto wakicheka kwa kujishangaa: "Huyu ni mimi?" Kicheko hicho kina nguvu kuliko baiskeli, kwa sababu maendeleo ameyaona kwa macho yake na hajaambiwa na mtu.

Tena mwombe akufundishe. Usianze na teke. Anza na fundo la mkanda. Mkanda huzungushwa kiunoni kutoka mbele, ukapishana mgongoni bila kupindana, ukarudi mbele, ncha moja ikapita chini ya tabaka zote mbili, ndipo fundo linafungwa, na ncha zikining'inia lazima zilingane urefu. Mtu mzima hukosea mara ya kwanza karibu siku zote: upande mmoja unafika gotini, mwingine unaishia tumboni. Mwache akufungue, akueleze, akufunge upya. Dakika chache hizo yeye ndiye mwalimu, na mtoto anayefundisha hugundua kwamba anajua mengi kuliko alivyodhani.

Maneno ya sifa yana hesabu yake. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walipendelea baadaye kazi ambazo zingewafanya waonekane wana akili, na walikata tamaa mapema walipokutana na ugumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii yao. Kwa mwanao maana yake ni kwamba "una kipaji" ni sifa ya hatari, kwa sababu siku teke litakapokataa kupanda atahitimisha kwamba kipaji kimekwisha. Sema ulichokiona: "Leo ulizungusha mguu wa chini kabla ya kupiga, ndiyo maana teke limefika juu." Kama hukuona kitu, nyamaza. Watoto wanaijua sifa ya bure, na ikizidi huacha kuziamini hata zile za kweli.

Mengi yako mikononi mwa mwalimu, na hapa nitawasema wenzangu nikijitanguliza mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimwomba msaidizi wangu amchague mvulana mmoja kwa siri na kuhesabu anachokifanya katika kipindi cha dakika 60. Mvulana huyo alipiga pedi, ule mto wa kupigia, mara 18. Alisimama kwenye foleni akisubiri zamu kwa zaidi ya dakika 20, na dakika nyingine nyingi alinisikiliza mimi nikieleza jinsi ya kupiga. Nilikuwa nikiwaambia wazazi kwamba watoto wa siku hizi hawana subira. Tangu siku hiyo foleni zangu hazizidi watoto watatu, na maelezo yangu yasipoisha kwa pumzi moja nayakata. Mkienda kutazama kipindi, hesabuni hivyohivyo.

Tazameni pia anachofanya mwalimu mara tu mtoto anapokosea, katika sekunde ile ya kwanza. Ronald Smith na Frank Smoll, wanasaikolojia wa michezo wa Marekani, waliwafundisha makocha wa besiboli ya watoto kwa saa chache tu kabla ya msimu: wasifu bidii, wamtie moyo aliyekosea na kumwonyesha la kufanya, waache adhabu na kejeli. Utafiti waliouchapisha pamoja na Nancy Barnett mwaka 1992 ulikuta kwamba msimu uliofuata asilimia 5 tu ya watoto wa makocha hao hawakurudi, wakati kwa makocha ambao hawakufundishwa walikuwa asilimia 26. Timu za makundi hayo mawili hazikutofautiana katika kushinda na kushindwa, na jambo hilo ndilo linalonifikirisha zaidi. Katika karate adhabu yetu tunayoipenda ni pushapu. Mwalimu anayewapigisha watoto pushapu kwa kila kosa anawafundisha kwamba zoezi ni maumivu ya mkosaji, kisha anashangaa kwa nini hawalipendi.

Mashindano nitayapita haraka, kwa kuwa hukuyataja, ila kama mwanao anasukumwa kushiriki na hataki, mtetee. Mwaka 2022 shirikisho la judo la Japani, mahali mchezo ulikozaliwa, liliyafuta mashindano ya kitaifa ya mtu mmoja mmoja kwa wanafunzi wa shule za msingi, kwa sababu watu wazima walikuwa wameuweka ushindi mbele ya kila kitu, hadi watoto wakapunguzishwa uzito na waamuzi wakazomewa. Wako watoto wanaochangamshwa na mashindano, nao waende. Kwa wengine mtihani wa mkanda unatosha.

Narudi kwa baba yake, ambaye hoja yake si ya kupuuzwa. Mtoto akiruhusiwa kuacha jioni ileile aliyovunjika moyo, atajifunza kwamba uamuzi mkubwa hufanywa siku mbaya. Lakini anayeburuzwa bila mwisho unaojulikana hujifunza kwamba neno lake halina uzito, na atalitafutia uzito mahali pengine, tumboni kwa mfano. Edward Deci na Richard Ryan, ambao wamechunguza hamasa ya binadamu kwa miongo kadhaa, wanasema mtu hudumu katika jambo anapohisi ana uchaguzi, anaona anaweza, na ana watu wake ndani ya jambo hilo. Uchaguzi, ulio wa kwanza kati ya vitu hivyo vitatu, ndio baba anaoweza kuutoa bila kupoteza msimamo.

Kaeni watatu mpange tarehe. Ningependekeza wiki 10 hadi 12, au mpaka mtihani ujao ikiwa uko karibu na mwalimu anakubali yuko tayari. Mpaka tarehe hiyo kwenda mazoezini hakujadiliwi, isipokuwa anaumwa. Baada yake yeye ndiye mwenye kauli, na mtaiheshimu hata kama haitawapendeza; msipokuwa tayari kuiheshimu, msiseme. Ndani ya muda huo mpeni uchaguzi mwingi wa kweli: aende siku zipi mbili kati ya tatu, afanye kumite au ajiondoe kwa wiki kadhaa kwa makubaliano na mwalimu, aanze na kata ipi nyumbani au asifanye kabisa. Begi alibebe mwenyewe, na mkanda ukipotea autafute mwenyewe. Mkiwa njiani kurudi, msichambue kipindi. Mzazi aliyetazama kwa saa nzima huwa na mengi ya kusema, najua, lakini mtoto huyo ameshasahihishwa vya kutosha jioni hiyo. Mpe maji na kitu cha kula, azungumze akitaka.

Kwa mwalimu nendeni kabla ya wiki kwisha, bila mtoto, na msiende kulalamika. Mwambieni kwamba mwanenu amekwama baada ya mkanda wa kijani, kisha muulizeni mambo mawili: ni kitu gani kimoja, kidogo, anachotaka mtoto akirekebishe kabla ya mtihani ujao, na kama kuna jukumu anaweza kumpa, mathalani kuwaongoza wa mikanda myeupe katika kupasha mwili. Jibu la swali la kwanza likiwa "aongeze bidii", ombeni tena, kwa upole, kwa sababu bidii haiwezi kubandikwa ukutani. Likiwa "goti la mguu wa mbele halikunji vya kutosha katika zenkutsu-dachi", yaani ule mkao wa mguu mmoja mbele na goti lake limekunjwa, mmepata kazi ya mwezi mzima.

Na ikiwa tarehe itafika na atasema bado hataki? Chunguzeni kwanza kama anataka kuhama na si kuacha. Wako watoto wasiopenda kupiga wala kupigwa, ambao huwekwa kwenye judo, wakafundishwa kuanguka bila kuumia, wakaanza kung'ang'aniana na wenzao chini kama watoto wa paka, na hawataki kurudi nyumbani. Wako wengine wanaohitaji mwaka mmoja wa kuogelea au mpira, na katika umri wa miaka 9 kuonja michezo mingi hakuwapotezei chochote. Akiamua kuacha kabisa, aende mwenyewe siku ya mwisho akiwa na sare safi, ainame mbele ya mwalimu wake na kumwambia asante kwa mdomo wake, na mkanda wa kijani arudi nao nyumbani autundike chumbani kwake, maana aliufanyia kazi. Nimewapokea tena kadhaa walioaga hivyo wakiwa na miaka 13 au 14, wamerefuka hata siwatambui, wakauliza kama lazima waanze tena na mweupe.